Kutangulia na Kusababisha

Swali la iwapo kinachotangulia ndicho kinachosababisha ni la kale katika falsafa, lakini halijabaki vitabuni. Hukutana nalo pia wale wanaotunza libvirt, programu huria inayosimamia tangu mwaka 2005 mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na umbo lao wenyewe ambazo huendeshwa ndani ya kompyuta moja halisi iitwayo mwenyeji.

Mtandao wa kawaida wa libvirt hujengwa juu ya daraja liitwalo virbr0, ambalo huziunganisha mashine pepe na mwenyeji wao na hupewa anwani 192.168.122.1. Daraja likisha kusimama, libvirt huwasha programu ndogo ya dnsmasq ili izigawie mashine hizo anwani na kuzijibu zinapouliza majina ya mtandaoni. Hitilafu huzuka pale mwenyeji anapokuwa na dnsmasq nyingine, iliyowashwa na mfumo wenyewe na kushika mlango namba 53, ule wa maswali ya majina hayo, katika anwani zote, hata zile ambazo bado hazijakuwapo. Ile ya libvirt ikiomba mlango huohuo hujibiwa kwamba anwani inatumika tayari, na mtandao wa mashine pepe hauanzi. Ikitokea libvirt imewahi, ni ile ya mfumo inayokwama.

Mrekebishaji mwenye haraka huona kwamba siku libvirt ilipotangulia mtandao wake ulianza, akahitimisha kuwa kasoro ni mpangilio, kisha akaichelewesha huduma ya mfumo kwa sekunde kadhaa. Amehamisha tatizo tu, na kinachosikitisha ni kwamba amelihamisha akiamini amelielewa.

Kosa hilo la kufikiri ndilo aliloligusa Imamu al-Ghazali katika Tahafut al-Falasifa, kitabu cha mwaka 1095, aliposema kwamba mtu aonaye pamba ikiungua inapoguswa na moto ameona kuungua pamoja na moto, wala hajaona kwamba kumeletwa na moto. David Hume wa Uskoti alifikia hoja inayokaribiana na hiyo katika karne ya 18, kwa njia isiyomhitaji Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu al-Ghazali kwamba anayekana sababu amekana elimu yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua kilichokifanya kiwe. Na jibu hilo lina uzito kwa kila mwenye kazi ya kutengeneza, maana hakuna awezaye kurekebisha mfuatano mtupu.

Yafaa kutazama jinsi systemd, mfumo uliotolewa mwaka 2010 na ambao huwasha huduma katika matoleo mengi ya Linux, unavyoyatenga mambo hayo mawili. Agizo moja hutamka kwamba huduma hii ianze baada ya ile, na agizo jingine, lisilolitegemea la kwanza, hutamka kwamba huduma hii inaihitaji ile. Aandikaye hitaji bila mpangilio huziona zote mbili zikiwashwa kwa pamoja, na aandikaye mpangilio bila hitaji huiona ya pili ikiendelea hata kama ya kwanza imeshindwa.

Hata hivyo al-Ghazali hakushindwa kabisa hapa. Mlango namba 53 haumkatai mwombaji wa pili kwa ulazima wa kimantiki. Unamkataa kwa sababu walioandika kiini cha Linux walitaka iwe hivyo na wakaidumisha kanuni hiyo, jambo linalofanana, ingawa kwa umbali mkubwa, na mafundisho yake kwamba moto huunguza kwa matakwa ya Muumba aliyeipitisha desturi hiyo. Tofauti ni kwamba kanuni ya binadamu imeandikwa katika msimbo ulio wazi, na yeyote mwenye subira anaweza kuisoma mstari kwa mstari badala ya kuikisia kutokana na yaliyotokea jana.

Aliyeisoma hukuta kwamba kisababishi ni dai la dnsmasq ya mfumo la kumiliki kila anwani, nako kutangulia huamua tu ni nani atakayeumia. Dawa basi ni kuiamuru huduma hiyo ishike anwani za kadi za mtandao ilizotajiwa kwa majina na kuiacha virbr0. Baada ya hapo ucheleweshaji unaweza kufutwa, na huduma zote mbili huanza salama, yoyote ikitangulia.