Viatu Miguuni, Fimbo Mkononi

Soma Kutoka 12:11, 21–27. Watoto walikuwa na nafasi gani katika maandalizi ya usiku ule?

Bwana aliahidi kuipita kila nyumba yenye damu mlangoni. Hata hivyo, aliwaagiza Waisraeli waile pasaka wakiwa wamefunga viuno, viatu miguuni na fimbo mkononi, na mtu yeyote asitoke nje hadi asubuhi. Ahadi haikuondoa maandalizi, na watoto waliyaona yote.

Nyumba inaposhika moto, mara nyingi mtoto mdogo ambaye hajafundishwa hujificha uvunguni mwa kitanda. Kumwambia tu akimbie hakutoshi. Chama cha Watafuta Njia hufanya vema kinapowafunga watoto vitambaa machoni na kuwazoeza kutambaa, kwa kuwa chini moshi ni mwepesi, wakifuata ukuta mpaka mlangoni. Kisha wote hukutana chini ya mti mmoja na kuhesabiwa. Nchini Tanzania hukariri pia namba ya Zimamoto, 114. Aliyetoka harudi ndani, hata kufuata Biblia yake.

Je, kufanya hivyo ni kukosa imani? Waisraeli waliovaa viatu usiku ule hawakumtilia Mungu shaka. Walivaa kwa sababu waliamini kwamba wangetoka kweli.

Tafakari: Moto ukizuka nyumbani mwako usiku wa leo, mtoto wako atakimbilia wapi? Ni nani aliyemzoeza?