Ningu na Ndoana

Wasikilizaji wa Jinja na Mbale, mvuvi wa ndoana hulazimika kujua samaki anakula nini, saa ngapi, na maji yakiwa na rangi gani. Ndiyo maana mapenzi yake kwa samaki wa asili yanatufaa sote. Mtazame ningu. Mvua zikianza, hutoka Ziwa Victoria na kupanda mito kwenda kutaga. Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito zilimnasa njiani akiwa na mayai tumboni, akaadimika hata kabla sangara hajalitawala ziwa.

Mtu atasema sangara ndiye aliyeleta viwanda na fedha za kigeni. Kweli, wala hakuna anayetaka aondolewe (angeondolewaje?). Lakini sangara hapandi mito kufuata mvua, na pengo la ningu halizibi. Mwingine ataona ndoana ni starehe ya wenye nafasi. Amtazame basi mtoto mwenye kijiti, uzi na nyungunyungu. Na Mbale nayo imo katika habari hii: udongo unaomomonyoka Mlima Elgon hushuka na mto Manafwa kuelekea Ziwa Kyoga, ukifunika mawe ambako samaki wa mtoni hujitafutia chakula. Afisa wa uvuvi anayepima matundu ya nyavu tu, bila kuuliza miti ya kingoni imekwenda wapi, anafanya nusu ya kazi.