Kigae cha Pembeni

Swali ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji lilizaliwa jikoni, wala sidhani kuwa limepungukiwa heshima kwa sababu hiyo. Shangazi yangu, akaaye Sindeni katika wilaya ya Handeni, alitaka ukuta wa jiko lake jipya uvikwe marumaru. Ndivyo watu waviitavyo vigae vya kiwandani, ijapokuwa hapana jiwe la marumaru ndani yake. Jiko lake la zamani lilikuwa la miti na udongo. Udongo hauulizi urefu wa ukuta: mkono huupaka mpaka pembeni, pembe ikipinda nao hupinda, wala hapana aonaye dosari. Kigae kina tabia nyingine. Kimekamilika mbali, kabla hakijajua kitabandikwa wapi; kinadai ulimwengu ulionyooka, na kuta zetu hazikujengwa kwa ajili yake.

Ukuta ulikuwa na upana wa sentimita 275, na vigae vilikuwa vya mraba wa sentimita 30. Fundi, kijana wa maneno machache, hakukoroga saruji siku ya kwanza. Alivilaza vigae sakafuni vikavu, akaacha mwanya wa milimita 2 baina ya kimoja na kingine, akahesabu. Kama angalianza na kigae kizima pembe ya mlangoni, vigae 9 vingalienea, na pembe ya pili ingalibakiwa na kipande cha sentimita 3.2, chembamba kama ukanda. Kama angalianza katikati akaenda kulia na kushoto, angalipata vigae 8 vizima, na katika kila pembe kipande cha sentimita 16.6. Kwa mistari 5, njia ya kwanza ilitaka vigae 46, maana kanda zote 5 hutoka katika kigae kimoja. Ya pili ilitaka 50. Shangazi alikuwa na 46.

Kisha fundi alitundika timazi. Ukuta wa pembeni ulikuwa umelala kwa sentimita 1. Katika kipande cha sentimita 16.6 upungufu huo haujulikani. Katika ukanda wa sentimita 3.2 ni karibu theluthi nzima.

"Mama, vinatakiwa vinne tena," alisema.

"Mwanangu, pembe ile nitaweka pipa la maji. Nani atainama nyuma ya pipa kutazama?"

Nani alikuwa na haki? Ni rahisi kusema kwamba kazi ina sheria yake, na fundi mwema huitii hata pasipoonwa. Katika makaburi ya kale ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, bakuli za kauri zilipachikwa penye nguzo, na aliyelala chini yake hakuziona. Lakini waliotoa bakuli zile walizitoa kwa hiari. Fedha ya vigae vya shangazi ilitoka katika mahindi yake, na mtu kuutafutia moyo wake radhi kwa mali ya mwingine si wema ninaoweza kuusifu.

Rafiki yangu mwalimu alileta hoja ngumu zaidi. Alisema njia ya katikati ni udanganyifu: ukuta umepinda, na vipande vipana vinauficha upindaji wake, ukanda mwembamba, kwa ubaya wake wote, husema kweli. Hoja hii ilinisumbua siku nyingi. Hata sasa nakiri kwamba ina nguvu kwa mtu atakayeinunua nyumba ile kesho. Lakini naona mwalimu aliitafuta kweli mahali isipokaa. Kigae hakina nia, hivyo hakisemi kweli wala uongo. Kweli ilisemwa sakafuni, vigae vingali vikavu, fundi alipomwonyesha mwenye nyumba uzi wa timazi na pengo lililokuwa nyuma yake. Kama angalinyamaza akabandika, njia yoyote kati ya zile mbili ingalikuwa hila, hata iliyo nzuri.

Iko habari ya pembe zenyewe pia. Upungufu wa ukuta haukuwa kosa la pembe ya pili; njia ya kwanza iliutupia huko kwa sababu tu ilikuwa ya mwisho kufikiwa. Handeni watu wanaijua foleni ya maji wakati wa kiangazi, na wanajua hali ya ndoo iliyo ya mwisho. Kugawa upungufu pande mbili kunaonekana haki, lakini haki ile ilikuwa na bei ya vigae vinne, na fundi hakuificha bei hiyo.

Shangazi alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu alipanda gari kwenda Korogwe, akarudi na vinne vimefungwa katika kanga. Alitoa sharti moja, kwamba yale mabaki 10 ya vipande vilivyokatwa, yenye upana wa sentimita 13 na kidogo, yasitupwe. Yamelazwa dirishani, na juu yake huanika vijiko. Pipa la maji ameliweka mahali pengine.