Mpaka wa Idara na Maji Yaliyo Chini

Jimboni Texas kuna Tume ya Reli. Iliundwa mwaka 1891 kusimamia nauli na mizigo ya treni, na tangu 2005 haina tena kazi yoyote na reli. Jina limebaki, kazi imehama. Leo mwenye kisima cha mafuta akitaka kuyarudisha chini ya ardhi maji chumvi yaliyotoka na mafuta yake, kibali anaombea Tume ya Reli. Jirani yake mwenye kiwanda cha kemikali, akitaka kushusha taka zake chini ya ardhi hiyohiyo, anaelekezwa kwingine, kwenye tume ya mazingira ya jimbo. Na juu ya tume zote mbili lipo EPA, shirika la mazingira la serikali ya shirikisho, lenye makao yake Washington na lenye haki ya kumkagua kila mmoja wao.

Ukilisikia jambo hili mara ya kwanza unaweza kucheka. Sisi tuliozungushwa madirishani na karatasi moja mkononi tunajua kicheko hicho kinavyoishia. Lakini mgawanyo huu una historia yake na una sababu zake, na ndani yake limo swali la uadilifu linalostahili kukaliwa kitako.

Visima vinavyozungumzwa hapa kazi yake ni kushusha. Mafuta hayatoki ardhini peke yake. Huja na maji ya kale, mara nyingi yenye chumvi kuizidi bahari, na kuna maeneo ambako pipa moja la mafuta hufuatana na mapipa kumi ya maji. Huwezi kuyamwaga mtoni. Njia iliyozoeleka ni kuyasukuma tena chini, mamia au maelfu ya mita, kwenye mwamba wenye matundumatundu ya kuyapokea. Kwa upande wa mafuta na gesi peke yake Marekani ina visima vya namna hii vipatavyo 180,000.

Ukisimama kando ya kimoja huoni la ajabu. Bomba limetokeza juu, lina vali na geji, na pengine pampu inanguruma jirani. Ufundi wenyewe umefichika. Bomba la kushushia limo ndani ya bomba kubwa zaidi la chuma, lililozungushiwa saruji hadi ukutani mwa mwamba, na nafasi iliyo kati ya bomba na bomba imejazwa majimaji na kufungwa. Siku ya ukaguzi fundi hupandisha presha katika nafasi hiyo, hufunga vali, kisha hutulia akitazama mshale wa geji. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Sheria inataka kipimo hiki kifanywe angalau mara moja kila miaka mitano. Yaani usalama wa maji ya kunywa ya mji mzima unaweza kutegemea fundi mmoja kuwa mkweli kwa muda wa nusu saa.

Sheria yenyewe ni ya maji ya kunywa, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford Desemba 1974. Iliipa EPA jukumu la kuweka masharti ya chini kabisa kwa kila anayesukuma majimaji ardhini, kisha ikaruhusu jimbo lililo tayari lichukue kazi hiyo lenyewe. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliongeza mlango wa pili kwa ajili ya visima vya mafuta na gesi: jimbo lisilazimike kufuata kila kifungu cha EPA, litoshe kuonyesha kwamba utaratibu wake unafanya kazi. Majimbo ya mafuta yalikuwa na wakaguzi na mafaili ya miongo mingi kabla EPA haijazaliwa. Hayakutaka kufundishwa kazi na mgeni.

Mimi sioni ubaya katika hilo. Aliyeshinda maisha yake yote katika miamba ya Texas anaijua kuliko ofisa wa Washington, na ofisa wa Washington naye ana faida ya kutokula chakula cha jioni na wenye visima. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika visima hivi, ukitazama palipoharibika, utakuta mara nyingi manahodha walikuwa kila mmoja mahali pake, wakifanya kazi waliyoandikiwa. Kilichoharibika kilikuwa katikati yao.

Chukua California. Mwaka 1983 idara ya mafuta ya jimbo hilo ilipewa na EPA mamlaka juu ya visima vya mafuta, kwa hati ya makubaliano iliyoandaliwa mwaka uliotangulia. Hati hiyo ilihusu pia jambo zito: ni matabaka gani ya maji yatolewe kwenye ulinzi wa sheria, ili maji chumvi yaweze kushushwa humo. Baadaye ikabainika kwamba hati hiyo ilikuwepo kwa namna mbili. Namna moja iliyaacha matabaka 11 chini ya ulinzi. Nyingine iliyahesabu kuwa yametolewa. Kwa karibu miaka thelathini vibali viliendelea kutolewa, na hakuna upande uliolazimika kuketi na mwenzake kuzilinganisha karatasi.

Mambo yalifumuka mwaka 2014, California ikiwa imekaushwa na ukame. Mwezi Julai jimbo liliamuru visima 11 vya wilaya ya Kern visimame. Kern ni nchi ya mafuta na ni nchi ya kilimo vilevile. Mitambo ya kuvuta mafuta na mashamba ya lozi na zabibu vinapakana. Uhakiki ulipoendelea, ikaonekana kwamba vibali vya visima zaidi ya 2,000 vilihusu matabaka ambayo uhalali wake haukuwa sawasawa. Maofisa walieleza kwamba visima vya maji walivyovipima awali havikuonyesha uchafu wa mafuta. Tuwashukuru waliochimba kwa ustadi na tuishukuru miamba. Usimamizi hauwezi kudai shukrani hiyo.

Niruhusiwe kukaa kidogo hapo kwenye kutoa tabaka la maji katika ulinzi, maana ndipo nionapo uzito wa kimaadili wa suala zima. Sheria inasema maji yaliyo chini yalindwe hata kama leo hakuna anayeyanywa, mradi chumvi na madini yake hayafiki miligramu 10,000 kwa lita. Ni kiwango kikubwa, maji ya namna hiyo hayanyweki bila kusafishwa. Walioiandika waliwafikiria watu ambao bado hawajazaliwa. Kisha sheria hiyohiyo ikaacha mlango: tabaka likithibitika kwamba halitumiki sasa na halitarajiwi kutumika siku za usoni, kwa mfano kwa sababu lina mafuta, linaweza kutolewa. Idara ya mafuta na bodi ya maji za jimbo hupendekeza, EPA huamua. Fikiria basi ofisa akiandika mwaka 1982 kwamba maji fulani hayatatakiwa na mtu. Hakujua ukame wa miaka thelathini baadaye, wala gharama ya kusafisha maji itashuka kiasi gani. Kila mwenye saini katika mlolongo ule aliweza kusema kwamba anategemea utaalamu wa mwenzake. Na mwenye haki kubwa kuliko wote katika shauri lile, mtu wa 2050 mwenye kiu, hakuwa na kiti mezani.

Oklahoma kasoro ilikuwa ya namna nyingine. Kabla ya 2009 jimbo hilo lilikuwa likipata, kwa wastani, matetemeko mawili hivi kwa mwaka ya kipimo cha 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalikaribia 900. Wanasayansi walionyesha kwamba chanzo kikuu kilikuwa maji chumvi yaliyoshushwa kwa wingi katika mwamba wa Arbuckle, ulio juu kidogo ya mwamba mgumu wenye nyufa za kale. Presha ya maji ilizifikia nyufa zile na kuzilegeza.

Nani alipaswa kuzuia? Sheria ya 1974 ililenga kulinda maji ya kunywa, na kanuni zake za visima vya mafuta hazikutaja tetemeko. Kisima kingeweza kufaulu kila kipimo cha geji, kisivuje hata tone, na bado kikatikisa nyumba za watu. Tume ya jimbo inayosimamia mafuta ilianza kwa kuwaomba wenye visima wapunguze. Mwishoni mwa 2015 kampuni moja ikakataa, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuweka wazi kwamba tume ina nguvu ya kuchukua hatua za dharura. Septemba 3, 2016, mji wa Pawnee ukatikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Oklahoma. Tume iliamuru visima 37 vifungwe. Amri hiyo ilikoma mpakani mwa wilaya ya Osage, kwa sababu madini yaliyo chini ya wilaya hiyo ni mali ya taifa la Waosage, na huko visima vya mafuta viko chini ya EPA moja kwa moja. Nyufa za ardhi zilivuka mpaka ule bila kuuliza. Kwa heshima yao, safari hiyo EPA na tume walizungumza, na EPA nayo ikafunga visima upande wake.

Kinachonisumbua ni kwamba jambo lenyewe halikuwa jipya. Karibu na Denver, jeshi la Marekani lilichimba kisima cha kina cha mita zipatazo 3,670 katika kiwanda chake cha silaha za kemikali, Rocky Mountain Arsenal, na kuanza kushusha taka Machi 1962. Haukupita muda mji usiozoea matetemeko ukaanza kutetemeka. Mwaka 1965 mjiolojia David Evans alijitokeza hadharani akiweka kiasi kilichoshushwa kila mwezi kando ya idadi ya matetemeko. Kisima kilisimamishwa Februari 1966, na hata hivyo matetemeko makubwa zaidi yalikuja mwaka 1967. Kwa hiyo sheria ilipoandikwa mwaka 1974, ujuzi huu ulikuwa tayari kwenye majarida ya kisayansi. Ulikosa idara ya kuuweka katika faili lake.

Ofisa anayesema "hilo si la idara yetu" mara nyingi anasema kweli. Ndiyo maana ni vigumu kumlaumu. Akivuka mpaka wake anaweza kushtakiwa. Akibaki ndani yake ana amani. Lakini kuna tofauti kati ya kutokuwa na mamlaka na kutokuwa na haja ya kujua. Mtu aliyepewa dhamana ya kuangalia presha ya bomba anaposikia kwamba nyumba za jirani zinapasuka kuta, cheo chake hakimruhusu kutoa amri, ila hakimkatazi kuinua simu. Evans hakuwa na mamlaka yoyote juu ya kisima cha jeshi. Alikuwa na penseli na namba za watu wengine.

Afrika Mashariki hatuko mbali na mambo haya. Olkaria, Kenya, mitambo ya umeme wa jotoardhi hurudisha chini maji yaliyokwisha kutoa mvuke wake, na ni vizuri yarudi, kwani yakiachwa juu huchafua. Lakini maji, mazingira na nishati kila kimoja kina mamlaka yake: ya maji inafuata Sheria ya Maji ya 2016, ya mazingira inafuata sheria ya 1999, ya nishati inafuata ile ya 2019. Sheria tatu, mwamba mmoja. Sisemi kuna kilichoharibika. Nasema mwananchi wa Naivasha ana haki ya kujua ni nani atapokea simu yake.

Huko Marekani kazi inazidi kugawanywa. Tangu 2010 lipo kundi la sita la visima, vya kuzika hewa ya ukaa isipande angani. North Dakota ilipewa mamlaka juu ya visima hivyo mwaka 2018, Wyoming 2020, Louisiana ikafuata mwanzoni mwa 2024. Kanuni ya EPA inataka eneo liendelee kuangaliwa kwa kawaida ya miaka 50 baada ya kusukuma kukoma. Miaka 50 ni mingi kuliko ajira ya ofisa yeyote anayetia saini leo, na mingi kuliko umri wa kampuni nyingi. Tume ya Reli ya Texas inatuonyesha kwamba ofisi yaweza kubaki na jina ikabadilika kazi kabisa. Hakuna ajuaye ofisi za 2075 zitakuwa zikifanya nini.

Basi siku mradi wa kushusha chochote ardhini utakapoletwa wilayani kwenu, pamoja na maswali ya ajira na fidia, omba uonyeshwe hati inayogawa kazi kati ya idara na idara. Isome hadi mwisho. Uliza tetemeko limeandikwa kwa nani, na maji ya wajukuu yameandikwa kwa nani. Kisha nenda na nakala yako kwenye ofisi ya pili, uwaombe watoe yao, uzilinganishe mstari kwa mstari.