Ujira wa Fundi na Neno "Sijui"

Liko suala ambalo watu hulipita kwa kudhani ni dogo, na huku kila siku mali zetu zapotea ndani yake. Mtu akuletea kitu chake kilichoharibika ili ukitengeneze. Nawe ukakishughulikia siku nzima, ukatoa jasho, ukatia na spea, kisha kitu kikarudi vile vile kilivyokuwa. Je, ujira uliopokea ni haki yako? Na ijapokuwa ni haki yako, ulikuwa na ruhusa ya kumwambia mwenyewe, "Kimepona"? Haya ni maswali mawili, wala si moja, na kwa kuyachanganya ndipo watu hugombana wasifike popote.

Sikulipata suala hili vitabuni. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyetupwa bara na kazi, nami huu ni mwaka wangu wa sita Juja. Kwa msomaji asiyepajua, Juja ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, ile iliyopanuliwa baina ya 2009 na 2012, na ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani. Mafundi wa magari hapa ni wengi kama wauza kahawa wa kwetu. Lakini gari langu nililinunua jipya kwa wakala mmoja wa Nairobi, likiwa na dhamana ya miaka mitatu, na sharti ya dhamana ni kwamba lisiguswe na mkono mwingine.

Mwaka wa pili usukani ukaanza kulia. Haukulia katika mwendo wa kasi. Ulilia nilipoupinda polepole, kama afanyavyo mtu anayetafuta mahali pa kuliweka gari: kwanza kimya, kisha kishindo kimoja kizito chini ya miguu, na mkononi nikahisi usukani umeruka kidogo. Nikawapelekea wenyewe. Gari likainuliwa juu kwa mtambo, fundi akayapinda magurudumu huku na huku asisikie kitu. Wakakaza bolti, wakapaka grisi, na yule mpokeaji magari akaandika katika karatasi yangu: limetengenezwa. Lilinyamaza siku nne. Mara ya pili wakabadilisha vile viungo vya chuma viunganishavyo usukani na magurudumu, ambavyo mafundi huviita tairodi, wakanitoza, kwani walisema hivyo ni vitu vya kuchakaa na dhamana haivihusu. Karatasi ikaandikwa tena: limetengenezwa. Mara ya tatu nikaambiwa, "Mzee, hiyo ni sauti ya kawaida ya magari ya namna hii." Nikauliza, mbona mwaka wa kwanza haikuwako? Sikupewa jibu. Miezi ikapita, na dhamana ikaisha.

Wanazuoni wa fiqhi wamezitenga hali mbili ambazo zatufaa hapa. Iko ijara, ambayo mtu huajiriwa kwa kazi ijulikanayo, na akiisha kuifanya ujira wake umethubutu. Na iko juala, ambayo mtu huahidiwa kitu iwapo atalitimiza jambo, kama kumrudisha mnyama aliyepotea. Asipomrudisha hana kitu, hata akiwa amezunguka mji mzima. Aliyeambiwa, "Badilisha tairodi," naye akazibadilisha sawasawa, huyo yumo katika ijara, na mlio ukirudi yeye halaumiwi. Lakini mimi sikuwaambia hivyo. Niliwaambia, "Uondoeni mlio." Wao wakaligeuza ombi langu likawa kazi waliyoweza kuihesabia fedha, wakatoza kwa ajili ya kazi, na katika karatasi wakasema kana kwamba wametoza kwa ajili ya kupona.

Hata hivyo sipendi kumwonea fundi. Mlio ni kitu kigumu. Huja ukiwa peke yako na hukimbia ukileta shahidi. Tabibu naye hukisia. Hutoa dawa akasema, "Rudi baada ya siku tatu tuone," nasi hatumwiti mwongo, kwa kuwa ametuambia wazi kwamba bado hajaona. Lau yule mpokeaji angaliniambia, "Mzee, hatujui, twakisia ni tairodi, na huenda tukakosea," ningalilipa, na mlio ukirudi ningalirudi bila ya kinyongo. Fedha zingalikuwa zile zile, na kazi ile ile. Kilichokosekana ni neno moja, na kwa kukosekana kwake kisio kikauzwa kwa jina la yakini. Hiyo kwangu ni ghushi, ijapokuwa hapana spea hata moja iliyokuwa bandia.

Na kwa nini neno hili ni zito hata halitamkiki? Katika karakana kubwa aliyepokea gari siye alitengenezaye, na alitengenezaye haonani na mwenyewe. Katika baadhi ya nchi fundi wa wakala hulipwa kwa saa zilizoandikwa katika kitabu kwa kila kazi: kubadilisha kitu hiki saa moja, kubadilisha kile saa mbili. Kukaa ndani ya gari na kusikiliza hakuna saa yake, au kuna dakika chache tu. Basi mwenye kusema "sijui" amepoteza mchana wake, na mwenye kubadilisha chochote ameupata. Mpango kama huu wapunguza lawama ya fundi, lakini hauipotezi. Waihamisha sehemu yake kwa aliyeuweka. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kutosha na, jambo ambalo wengi hawalijui, haki ya kupewa habari anazozihitaji ili afaidike na alichokinunua. "Hatujui" nayo ni habari.

Wala tusidhani kwamba ni jambo la kelele tu. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari yaliyokuwa na swichi legevu ya kuwashia, ambayo yaweza kujizima gari likiwa mwendoni. Na likizimika, usukani hupoteza msaada wake ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kuwakinga watu huweza kukosa kufunguka. Malalamiko yalifika miaka mingi kabla, yakahesabiwa kuwa ni usumbufu wa mteja, si hatari. Baadaye swichi ikabadilishwa kimyakimya, na nambari ya spea ikaachwa ile ile, hata mwenye kutaka kupeleleza asijue ipi ya zamani na ipi mpya. Ilipofika 2014 magari yapatayo milioni 2.6 yakaitwa yarudishwe, na mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni yenyewe ukakubali vifo 124. Yule aliyeandika "usumbufu" katika karatasi ya kwanza hakumuua mtu kwa mkono wake.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Wiki mbili kabla ya mlio kuanza niliingia katika shimo kubwa kwenye njia ya Gachororo, usiku, mvua ikinyesha, nalo gurudumu la kushoto lilipiga kwa nguvu hata nikasimama kulitazama. Nilipoulizwa na wakala, "Gari limegonga kitu?" nilisema, "La." Nilijua kuwa dhamana hailipi madhara ya barabara. Nikajiambia kwamba shimo na mlio huenda visihusiane, na kweli sikujua, lakini sikusema "sijui," nilisema "la." Kwa hiyo walikisia wakaita yakini, nami nikaficha nikaita jibu, na kila mmoja wetu alikuwa akimlinda mfuko wake kwa gharama ya mwenzake. Nimejiuliza mara nyingi iwapo uongo wangu wawahalalishia wao wao. Sioni kwamba wawahalalishia. Lakini wanifunga mdomo nusu.

Dhamana ilipokwisha nilimwendea fundi mmoja wa hapa Juja, afanyaye kazi chini ya mwembe bila ya mtambo wa kuinulia. Kabla ya kugusa kitu akaniuliza lilikopita gari, nami nikamweleza shimo. Akataka gari libaki chini, na magurudumu yabebe uzito wake. "Ukiliinua," akasema, "huondoa mzigo, na mlio unaondoka." Nikaupinda usukani naye ameweka kiganja juu ya springi ya shokabzoba ya kushoto, akaihisi ikijizungusha, ikashikwa, kisha ikaruka. "Mzee, nakisia ni beringi iliyo juu ya shokabzoba," akasema. "Nikikosea, pesa ya kazi sichukui, lakini spea itakuwa imenunuliwa." Nikakubali. Hakukosea.

Beringi ile ya zamani niliipeleka Nairobi, nikaiweka juu ya meza ya mpokeaji, nikamweleza kwa nini fundi wao hangeweza kuusikia mlio gari likiwa limeinuliwa. Kisha nikamweleza na habari ya shimo. Alinitazama kitambo, akauliza kama nataka yote mawili yaandikwe. Nikamwambia ayaandike.