Barua Zinazorudi

Kwetu ni Biharamulo. Kazi yangu ni kutunza seva ya barua pepe ya ofisi moja, na kazi hiyo imeniachia swali: ukisema na watu wengi kwa mara moja, ni lini waweza kudai kwamba umewaambia?

Ufundi wenyewe si mgumu. Barua ikiandikiwa watu elfu, seva haiipeleki mara elfu. Huzikusanya anwani zinazokwenda mahali pamoja, ikapeleka nakala moja na orodha ya majina, na seva ya huko humgawia kila mtu sandukuni mwake. Asiyekuwapo, barua yake hurudi na maelezo. Mwaka jana mkuu wangu alichoshwa na barua hizo zinazorudi, akaniagiza nizizuie. Nikazizuia. Tangazo lilikuwa la wastaafu, kuhusu kuhakiki malipo yao.

Ndipo nilipokumbuka Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa malaki, wakatua Benaco. Nilikuwa kijana, nikisaidia kugawa barua za Msalaba Mwekundu: karatasi isiyofungwa, habari za jamaa tu. Wakimbizi walikaa kambini kwa kufuata komuni walizotoka, basi nasi tulizipanga barua kwa komuni, fungu zima likaenda mahali pamoja, majina yakasomwa huko. Seva yangu haijanishinda kwa ujanja huo. Na aliyekosekana, tuliandika kwamba hakuonekana, barua ikarudi kwa aliyeiandika. Ilikuwa kazi chungu kuliko zote, lakini haikuachwa.

Tarehe 5 Desemba 1996 likatoka tangazo la pamoja la Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi: Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya 31 Desemba. Kwa wepesi wa kufikishwa, hakuna barua iliyolipita. Halikuwa na jina la mtu, basi halikuweza kumkosa mtu. Siku chache baadaye maelfu wakashika njia, si ya Rwanda, bali ya mashariki, ndani ya nchi yetu. Askari wakawarudisha. Nadhani safari ile ya mashariki ndiyo iliyokuwa jibu lao, ila tangazo halikuwa na mahali pa kupokelea jibu.

Msomaji ataniambia kwamba watu karibu nusu milioni hawaandikiwi mmoja mmoja, na kwamba wilaya zetu zilikuwa zimelemewa, kuni zimekwisha, maji hayatoshi. Ni kweli, mimi mwenyewe nilikuwako. Sigombi na kuwafunga watu fungu moja ili ujumbe ufike upesi. Nagomba na mkono wangu uliofunga mlango wa kurudia, ili mkuu wangu apate kusema wote wameambiwa.

Nimeufungua tena, bila kumwuliza. Tangazo lilipotoka upya, barua 37 zilirudi. Nazifuatilia kwa simu jioni. Juzi mtoto alipokea, akasema babu amehamia Rulenge na hana simu. Nimeandika jina lake kwenye karatasi. Jumamosi nitapanda basi.