Baki Moja

Tarehe 31 Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma kwamba nchi yetu ina watu 61,741,120. Katika sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya Muungano, tulikuwa kama milioni 12 tu. Nilisikiliza redioni hapa Mnyambe, nikaiandika namba ile nyuma ya kalenda. Mwalimu wa hesabu hustaafu kazi, hastaafu mazoea.

Namba hiyo ni shufwa. Vigawo vyake tasa ni 2, inayojirudia mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Kwa hiyo ungetupanga saba saba, asingebaki mtu. Kwa 3, hata hivyo, haigawanyiki: jumla ya tarakimu zake ni 22, na 22 ukiigawa kwa 3 hubaki 1. Ungetupanga watatu watatu, kama mafiga, nchi nzima ingepata mahali isipokuwa mtu mmoja.

Hapo niliweka kalamu chini. Namba ile ilikuwa ya watu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Karani wa sensa alipofika kwetu na kishikwambi chake, mke wangu alimjibu mwenyewe, ameketi chini ya mkorosho, akacheka alipoulizwa umri. Wiki tatu baadaye tulimzika. Namba iliyotangazwa ilikuwa bado naye ndani.

Basi nikamtoa: 61,741,119. Namba imekuwa witiri. Kwa 7 haigawanyiki tena. Kwa 3 inagawanyika, na mafiga yote yametimia. Ameondoka mtu mmoja, na tabia ya namba kubwa kiasi kile imegeuka. Nilifarijika.

Lakini mwalimu hana ruhusa ya kujidanganya. Ningemtoa mtu mwingine yeyote, waziri au mtoto wa siku moja, jibu lingekuwa lile lile. Namba haimjui aliyeondoka. Je, huo si ukatili? Nimelifikiri jambo hili muda mrefu, na sasa naona kwamba ni haki. Katika sensa, mkulima mwanamke wa Mnyambe na mkubwa wa Dodoma kila mmoja huandikwa 1, wala hakuna anayeandikwa zaidi. Anayegawa madawati, dawa na maji inafaa ahesabu hivyo hivyo, asije akampunguzia mtu kwa kulijua jina lake. Kulijua jina na kulikumbuka ni wajibu wetu sisi tuliobaki, nao hatuwezi kuwaachia makarani.

Kwa hiyo, msomaji, ukimsikia mtu akisema kwamba katika mamilioni mmoja si kitu, mwombe agawanye.

Kalenda ile ningali nayo. Namba zote mbili zimo, moja juu ya nyingine, na chini yake nimeandika tofauti: 1.